Upande wa Pili

Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ilibeba dakika nne au tano hivi kila upande. Benga na rumba hazikutoshea hapo. Kwa hivyo katika Nairobi ya miaka ya 1970, wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa: Sehemu ya 1 upande huu, Sehemu ya 2 upande ule. Upande wa kwanza ni hadithi, labda ya mpenzi aliyetoroka. Halafu sauti inafifia. Bendi bado inapiga, ni vile tu fundi wa studio anaishusha. Geuza sasa: huko ndiko magitaa yanashika kasi na watu wanatoka vitini.

Mtandaoni nimekuta kadhaa zimepakiwa upande mmoja pekee. Asiyejua atadhani wimbo uliishia hapo.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, mashangazi walinipa pole kama za matanga. Mzee wangu, ambaye bado ana katoni ya santuri hizo, aliuliza tu, “Sasa unaandika nini?”

Sikuwa na jibu. Lakini usiku huo niliwasha laptopu. Santuri haijigeuzi, lazima mtu ainuke.