Jiko la Sinyora

Nilikuwa natoka kumuaga Sinyora pale mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu Nairobi, aliponiuliza, "Mjomba, kwani hawa Waitaliano walifuata nini Malindi?" Swali lenyewe halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba amezaliwa hapa, amesoma hapa, na hakuna aliyemweleza. Na Ngomeni, lilikoanzia jibu lake, si mbali, ukishavuka mto Sabaki na kuipita Mambrui.

Walifuata roketi, nikamwambia. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa nyingine, ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu ya uhuru. Wahandisi wakaleta jamaa zao likizo, na jamaa wakapenda wakajenga.

Sinyora na mumewe walikuwa miongoni mwa hao waliokuja baadaye. Baba akawa mpishi wao. Nikitoka shule nilipitia mlango wa jikoni, na kabla sijafika harufu ilikuwa imeshanipokea: kahawa, kitunguu saumu, na rihani. Rihani nilizijua kwa mama, aliyezifunga kwenye kikuba pamoja na asumini. Kwa Sinyora zilipondwa kwenye kinu, zikatiwa mafuta ya zeituni yaliyokuja kwa makopo kutoka kwao, zikaliwa na tambi. Mama alipoambiwa alishika kichwa: manukato ya kujipamba yanaliwaje? Baba alikanda unga, akausukuma kwa kifimbo, akaukata kwa kisu kwa mistari iliyonyooka kabisa. Sinyora alimfundisha mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo, wageni wakisifu chakula, alimwita Baba kutoka jikoni aje asikie mwenyewe.

Lakini wao walikula barazani, sisi tukala kwenye ngazi ya jikoni. Sikuwahi kumwona Sinyora ameketi nasi mpaka Baba alipofariki. Alikuja matangani, akavua viatu, akakaa mkekani na kina mama tangu asubuhi hadi jua kutua.

Roketi ya mwisho ilirushwa 1988. Yakaja makasino, wakaja vijana wa ufuoni wanaoongea Kiitaliano kushinda Kiingereza. Katiba ya 2010 ikawawekea wageni kikomo cha miaka 99 kwenye ardhi. Sinyora akasema hiyo ni mingi kuliko aliyobakiwa nayo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimeshapita lakini hofu haijaisha, yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, ikaja korona, na kila mara ndege chache zaidi zikarudi.

Nenda Casuarina, hapa hapa Malindi, leo ujionee. Mageti yana vibao vya kuuza nyumba, makuti yameoza hadi boriti zinaonekana, kwa maana makuti hayavumilii kusahauliwa. Ndani anakaa askari mmoja, hajalipwa kwa miezi, mwenye nyumba hapokei simu. Wenye nyumba hawa walifuliwa, wakapikiwa, wakalelewa watoto kwa miaka mingi. Kuondoka bila hata kuaga ni jambo ambalo sitalizoea.

Sinyora hakufanya hivyo. Ameshapita themanini, mumewe hayupo, aliteguka nyonga, na wanawe hawakubali tena aishi peke yake. Alipouza nyumba, kabla hata ya kufunga sanduku, aliwaita wote mmoja mmoja akawapa kiinua mgongo mkononi: mpishi, askari, mtunza bustani, hata fundi wa makuti ambaye hakuwa mwajiriwa. Kisha akanishika mkono tukapita chumba kwa chumba, akiegemea ukuta. Jikoni alikaa kitako kwenye ngazi ile ile, akalia, akanitajia jina la baba yangu.

Mnunuzi ni wa Nairobi. Anasema ataezeka mabati, na kuhusu mpishi bado hajaamua. Kijana aliyelirithi jiko la Baba ameshakwenda Watamu kuulizia kazi, akaacha namba yake ya simu kwa askari.