Kijani Hudanganya

Ukiteremka mjini Oyugis, katika barabara ya Kisii kwenda Kisumu, ukashika njia ya mashambani, huenda ukasikia ukelele: "Thuol!" Ndiye nyoka kwa Kijaluo. Akiwa kijani, usiharakishe kumwita ukukwi asiye na sumu. Boomslang, nyoka hatari wa mitini, dume lake mara nyingi ni kijani vilevile, na jike kahawia. Basi tazama kichwa kifupi na macho makubwa mno, lakini kwa mbali. Mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa na boomslang mdogo kule Chicago mwaka 1957, akalidharau jeraha. Kesho yake alifariki, damu ikimvuja ndani. Mpishe nyoka. Ukiumwa, hata bila maumivu, fika hospitali upesi.