Medali Haina Jina

Wanachuo wenzangu, kuna watu duniani kazi yao ni kukusanya beji za mabaharia wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi, mtoto wa Kyerwa, nimesoma habari za beji hizo usiku mwingi kuliko nilivyosoma notsi za Saikolojia ya Elimu. Mwenzangu wa chumbani alidhani nimepotea. Akaniuliza, "Wewe mwalimu wa Historia, beji za Hitla za nini tena?" Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika hapa.

Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na beji kwa kila aina ya kazi. Ya nyambizi ilianzishwa Oktoba 1939, na kwa kawaida baharia aliipata baada ya safari mbili za vita. Ya meli zilizojifanya za biashara kumbe zimeficha mizinga ilianza 1941, na imechorwa jahazi la kale la Waviking juu ya tufe la dunia. Zilikuwa na tai na swastika, alama ya Manazi. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikatunga sheria kwamba atakayetaka kuvaa nishani ya vita vile avae isiyo na alama hiyo. Vita vilipobana, hata madini ya kutengenezea yaliadimika, beji zikawa za zinki. Bandia nazo zimejaa sokoni.

Sasa, mimi sikuvutwa na chuma. Kilichonishika ni kwamba beji haina jina. Ukiiokota, huwezi kujua aliyeivaa alikuwa nani. Kwa hiyo wakusanyaji makini hutafuta na karatasi yake, yaani cheti alichopewa baharia pamoja na beji: jina lake, cheo, tarehe, sahihi ya mkubwa wake na muhuri. Beji ikiwa na cheti chake bei hupanda mno, kwa sababu hapo hununui bati tena, unanunua habari za mtu.

Niliposoma hayo nilikumbuka sanduku la bati la nyumbani kwetu.

Baba yake babu alikuwa askari wa KAR, au Keya kama walivyosema wazee. Alitoka Karagwe ile ya zamani, kabla Kyerwa haijagawanywa kuwa wilaya mwaka 2012, akafika Mombasa, akapandishwa meli kwenda Burma kupigana na Wajapani. Bibi, ambaye ni mkwe wake, anasema mzee alikuwa akisimulia kwamba usiku melini ilikuwa marufuku hata kuwasha sigara, kwa kuogopa nyambizi. Si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi za Kijerumani nazo zilikuwa katika bahari hiyohiyo, zikitumia bandari ya Penang. Kwa hiyo kuna baharia aliyepewa beji na cheti kwa kuwinda meli katika maji aliyoyavuka mzee wetu. Mzee naye alipewa nishani yake, Nyota ya Burma: shaba ya pembe sita, utepe wa buluu na nyekundu wenye mistari ya rangi ya chungwa.

Na Nyota ile haina jina. Nishani za Vita vya Kwanza Waingereza walizichonga jina na namba ya askari. Za Vita vya Pili waliamua kuzitoa tupu. Ina maana ya mzee wetu na ya jirani yake ni kitu kilekile. Kinachozitofautisha ni karatasi ya kuachishwa jeshi tu, na karatasi, si unajua nyumba zetu: moshi, mchwa, mvua za masika.

Mwaka jana bibi aliugua. Ilikuwa wiki ya mitihani, boom halijatoka, mfukoni sina kitu. Baba mdogo akanipigia simu kwamba kuna mtu anazunguka Omurushaka akinunua rupia za Mjerumani na vitu vya kale, ametaja shilingi 80,000 kwa ile Nyota. Nikamwomba asubiri kidogo. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hospitali hawapokei historia." Ningemjibu nini? Nikauliza kama mnunuzi ameitaka na karatasi. "Hiyo kasema haina kazi."

Bibi alipona. Nyota imeondoka.

Likizo ilipofika nilikaa naye jikoni nikamsomea ile karatasi, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Hakuwahi kusomewa. Jina letu limeandikwa kwa herufi zisizo zake. Kuna namba ya jeshi, tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya kuachishwa, urefu wake, tabia yake "nzuri sana", na alama ya mwilini: kovu mkono wa kushoto. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Hilo kovu la panga, alijikata akipunguzia migomba. Mzungu aliliandika, lakini hakuuliza." Halafu akanyamaza, akaniambia niisome tena kuanzia juu.

Hapo ndipo nilipoanza ukusanyaji wangu. Mimi sinunui kitu, fedha yenyewe ya kununulia iko wapi? Nina daftari na simu. Nimepita Nkwenda, Kaisho na Nyaishozi, kaya 9. Nimepiga picha medali 6 na karatasi 3. Nyumba yenye vyote viwili nimeikuta moja tu. Kwingine medali imekuwa kichezeo cha watoto, au karatasi iliungua pamoja na nyumba ya nyasi. Nikiona ile Nyota yetu kwa macho ya fikra, naiona ndani ya kabati la kioo la mtu wa mbali, imeng'arishwa vizuri, chini yake pameandikwa "Afrika Mashariki", basi. Yeye ana medali isiyo na mtu. Sisi tuna mtu asiye na medali. Kusema kweli, nikilazimishwa kuchagua nitabaki na karatasi.

Na si habari za Burma peke yake. Majeshi ya Amin yalivamia mkoa wetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa Aprili 11, 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amepita 60. Wengi wa hao bado wako, utawakuta wanaanika kahawa uani. Wao unaweza kuwauliza wenyewe, huna haja ya kusoma kovu kwenye karatasi.

Basi nina ombi kwa wenzangu, hasa sisi tunaokwenda kufundisha. Ukifika nyumbani, omba kuonyeshwa sanduku. Piga picha medali mbele na nyuma, na karatasi pande zote mbili. Andika jina la mwenyewe kama familia inavyolitamka, kijiji, na mwaka. Usisugue medali kwa majivu wala limao. Karatasi iweke ndani ya bahasha kavu, mbali na moshi, usiikunje upya.

Na fanya hivyo mapema, kabla mnunuzi wa rupia hajapita. Yeye hachelewi.