Safari ya Fedha na Herufi ya Jina

Husemwa kila siku kuwa fedha zimekuja kutoka ng'ambo, na asikiaye huona katika fikira zake noti zikivuka bahari kama abiria. Usemi huo unatosha kwa mazungumzo, lakini hauelezi jambo lenyewe. Fedha zipelekwazo kwa njia ya benki haziondoki zilipo. Kinachosafiri ni neno. Mtu aaminiwaye Uingereza humwambia mtu aaminiwaye Mwanza: "Mlipe fulani kiasi hiki, mimi nimekwisha kukipokea huku." Neno likiaminiwa, fulani hulipwa, likitiliwa shaka, fulani hungoja. Nataka kulitazama neno hilo, nguvu yake na udhaifu wake, na kuuliza ni nani alipaye gharama linapokwama njiani.

Lugha yetu imehifadhi historia ya jambo hili katika maneno matatu. La kwanza ni hawala, lililotoka kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kuhamisha deni kutoka kwa mtu hata mwingine. La pili ni hundi, tulilolipokea kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao waliweza kuandika karatasi katika mji mmoja ikalipwa na ndugu au mshirika wao katika mji wa mbali. La tatu ni benki, lililotujia kutoka Ulaya. Maneno matatu ya asili tatu, lakini kazi ni moja: kumfanya mtu wa mbali alipe kwa sababu ya ahadi ya mtu wa mbali. Mswahili hakuhitaji kungoja mitambo ya leo ili kuijua maana hiyo.

Katika nchi zilizo kusini mwa ziwa hali ilikuwa ngumu zaidi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba, kwa sababu ndivyo vitu vilivyokubaliwa katika manunuzi. Kwa hiyo kabla fedha hazijapita katika waya, waya wenyewe ulikuwa fedha, nao ulibebwa mabegani mwa wapagazi kwa miezi. Aliyeporwa njiani alipoteza mali yote. Neno ni bora kuliko mzigo, maana mnyang'anyi wa porini hawezi kulipora. Lakini neno lina hatari yake pia, kwani laweza kuzuiwa na kitu kidogo ambacho mnyang'anyi asingekijali hata kidogo.

Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na tangu hapo tajiri wa Unguja aliweza kupata habari za masoko ya Ulaya bila kungoja meli. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Wasukuma ilishuka kwa reli hiyo, na bei yake ikapanda nayo kurudi. Mwaka 1955 wakulima wa kanda ya ziwa waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la ushirika lililoitwa kwa jina la ziwa, Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Mkulima aliyesimama mbele ya mizani ya pamba alipokea shilingi mkononi, lakini nyuma ya shilingi hizo palikuwa na barua na simu zilizokwisha kupita baina ya wanunuzi wa ng'ambo na mabenki. Benki Kuu yetu ilifunguliwa mwaka 1966. Mabenki ya biashara yakataifishwa Februari 1967. Na kwa miaka mingi fedha za kigeni hazikwenda wala kuja bila ruhusa, mpaka sheria ya mwaka 1992 ilipolegeza kamba. Katika mabadiliko hayo yote neno liliendelea kusafiri, ila wenye kulilinda walibadilika.

Sasa tutazame linavyosafiri leo. Benki ya hapa huweka akiba yake katika benki fulani ya nchi nyingine, nayo benki hiyo huitwa mwenza wake. Mtu wa Uingereza akitaka kumlipa mtu wa Mwanza, benki yake hupunguza hesabu yake, huongeza hesabu ya mwenza, na mwenza huipasha habari benki ya Mwanza, ambayo huongeza hesabu ya mpokeaji kwa shilingi. Pengine wenza huwa wawili au watatu, na kila mmoja huchukua ujira wake. Mpelekaji huulizwa mapema ni nani atakayeubeba ujira huo: yeye peke yake, mpokeaji peke yake, au wote wawili. Habari zenyewe hupita aghalabu katika mtandao wa SWIFT, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 nchini Ubelgiji na mabenki 239 ya nchi 15, likaanza kupeleka habari mwaka 1977. Shirika hilo halishiki hata senti moja ya mteja. Limebeba maneno tu. Kila benki hujulikana humo kwa alama 8 au 11: nne za benki, mbili za nchi, mbili za mahali, na tatu za tawi zikihitajika. Tanzania nzima, pamoja na ziwa lake na milima yake, hutajwa humo kwa herufi mbili tu, TZ.

Mji wa Mwanza huishi kwa maneno hayo kuliko unavyodhani. Sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta viwanda vya minofu katika miaka ya 1990, na minofu hiyo huliwa Ulaya. Mvuvi aliyemtoa sangara majini usiku hulipwa na wakala. Wakala hulipwa na kiwanda. Kiwanda hungoja neno la benki kutoka ng'ambo. Hata katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wa dagaa hutoka mpaka Kongo, bei ya gunia huhusika na fedha za nchi nyingine. Lakini kiwanda kina makarani na mawakili wa kulifuatilia neno likipotea. Mtu mmoja mmoja hana.

Nina mama mdogo aishiye upande wa Magu, mwanika dagaa tangu ujana wake. Binti yake ni muuguzi katika mji wa Birmingham. Mwaka mmoja mumewe, baba yetu mdogo, alizibwa na maradhi ya tezi, na daktari akasema kuwa upasuaji usipite juma lile. Binti alipeleka pauni siku ile ile aliyopigiwa simu, akatupa hakikisho la benki yake kuwa zimeondoka. Siku ya tatu hazikuonekana. Siku ya tano nilimsindikiza mama mdogo mpaka dirishani katika benki moja ya mjini. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama kitambulisho, akatazama mtambo wake, kisha akasema:

"Shikamoo, mama. Fedha tumeziona, lakini jina lililoletwa si lile lililo katika akaunti yako."

"Marahaba, mwanangu. Lina kasoro gani?"

"Hapa limeandikwa kwa r, mama. Katika akaunti ni kwa l."

Kisukuma hakina sauti ya r. Mama mdogo alipofungua akaunti miaka mingi nyuma alilitamka jina lake la ubatizo kama alivyolitamka mama yake, na aliyeandika aliandika alichosikia. Binti yake alisoma shule, akajifunza kuwa jina hilo huandikwa kwa r, na hata kitambulisho cha mama kiliandikwa hivyo baadaye. Mama mdogo aliyasikiliza maelezo hayo yote, kisha akajibu kwa upole: "Mwanangu, mimi ni yule yule kwa herufi zote mbili."

Alisema kweli, wala karani hakumkatalia. Lakini karani hakuwa na mamlaka juu ya kweli. Alikuwa na mamlaka juu ya maandishi. Ilibidi swali lirudi kwa mwenza, mwenza aiulize benki ya Birmingham, nayo benki hiyo imwite binti athibitishe. Jumamosi na Jumapili ziliingia kati. Jumla zilipita siku 11, na fedha zilipotokea zilikuwa zimepungua kwa ujira wa wale walioulizana.

Baba yetu mdogo hakungoja siku hizo 11, na kama angalingoja, huenda nisingeandika habari zake kwa utulivu huu. Jioni ile tuliyorudi kutoka benki, wanawake wa mwalo wenye chama chao cha kuweka na kukopa walikutana chini ya mti, wakafungua sanduku lao, wakahesabu. Katika daftari lao mama mdogo haandikwi kwa r wala kwa l. Yeye ni mzazi wa pacha. Na kama ilivyo desturi ya Usukumani, pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, na mama huitwa kwa jina la mmojawapo. Hilo ndilo jina walilolijua, na kwa jina hilo walitoa fedha za upasuaji, bila kitambulisho na bila saini, ila dole gumba na mashahidi waliokuwapo. Mgonjwa alipasuliwa, akapona. Fedha za Birmingham zilipofika zililipa deni.

Ni rahisi kutoa hukumu hapa, kuwa chama cha mwalo kina utu na benki haina. Mimi sitoi hukumu hiyo, kwa sababu si ya haki. Wanawake wale walikopesha kwa kuwa wamemwona mama mdogo kwa miaka 30 akianika dagaa jirani yao. Imani yao ilikuwa na macho. Lakini imani hiyo haivuki ng'ambo ya mwalo wa tatu. Mgeni kutoka Bukoba asingepata hata shilingi kumi. Benki imejitwika kazi ngumu zaidi, ya kuwafanya watu wasiojuana waaminiane; na asiyeijua sura hana budi kuishika herufi. Laiti karani angelipa kila ajaye na jina linalofanana, wajane wangapi wangeibiwa amana zao?

Tena karani yuko chini ya macho ya wakubwa wa mbali. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani, mabenki yalizidi kubanwa wayalinganishe majina ya wapelekaji na wapokeaji na orodha za watu waliokatazwa. Na Novemba mwaka huo huo shirika la hawala la Al-Barakaat, lililotumiwa na Wasomali wengi, lilifungiwa. Kundi la mataifa lisimamialo vita dhidi ya fedha haramu, lililoundwa mwaka 1989, liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi za kuangaliwa zaidi Oktoba 2022, na likaiondoa Juni 2025. Maadamu mambo ni hivyo, herufi moja ya mwanamke wa Magu huulizwa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya wahalifu wakubwa, ilhali wahalifu hao, naamini, huyaandika majina yao kwa makini sana.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Gharama ya shaka hailingani kwa watu wote. Mataifa yaliahidi kuwa kufikia mwaka 2030 ujira wa kupeleka fedha za wahamiaji nyumbani usizidi 3 kwa mia; lakini hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2023 zilionyesha kuwa Afrika kusini ya Sahara wastani ulikuwa zaidi ya maradufu ya hapo. Juu ya ujira huo kuna ujira mwingine usioandikwa katika hesabu, nao ni wa siku za kungoja. Hulipwa na watu ambao majina yao yaliandikwa na wageni, au na makarani wenye haraka, au kwa lugha isiyokuwa yao: mtu mwenye jina la ukoo, jina la ubatizo, jina la jando na jina la mtoto, ambaye ulimwengu humtaka achague moja tu na asilibadilishe hata nukta. Simu ya mkononi, iliyoanza kubeba fedha nchini mwetu mwaka 2008, imefupisha njia, nayo ni neema kubwa; lakini nayo huuliza jina kabla ya kulipa.

Dawa ya kwanza iko karibu, wala haihitaji mkutano wa mataifa: apelekaye amwombe mpokeaji amsomee jina lake herufi kwa herufi kama lilivyo katika akaunti, hata kama ni jina la mama yake mzazi. Dawa ya pili iko mikononi mwa mabenki: wampe karani nafasi ya kupima, ili tofauti ambayo kila mwenyeji huijua sababu yake isipelekwe Ulaya kuulizwa. Dawa ya tatu inatuhusu sisi tusomao na kufundisha lugha. Katika madarasa yetu tofauti ya r na l ni somo la sauti, na mwanafunzi akilielewa hupata alama zake, akafunga daftari. Lakini karani yule hajafundishwa somo hilo, wala mtambo wake haulijui. Ujuzi tulionao wa majina ya watu wetu, jinsi yanavyotamkwa na jinsi yanavyoandikwa, haufai kukaa vitabuni tu ilhali dirishani unahitajiwa. Waliosema kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi waliijua nguvu ya neno lililotamkwa. Sisi tumeingia zama ambazo mtu aweza kujikwaa herufi asiyoiandika yeye, na mgonjwa wake akalala akingoja.