Mbegu za Kitani: Farasi wa Barabara ya Ngong na Punda wa Kawangware

Apitaye asubuhi karibu na uwanja wa mashindano wa barabara ya Ngong, mjini Nairobi, huona farasi wakitembezwa, manyoya yao yaking'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Uwanja huo uko mahali hapo tangu mwaka 1954, na Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari Wanubi wa K.A.R., si mbali nao kwa miguu. Saisi akaaye Kibera hawezi kukwepa swali la jirani zake wafugao mbuzi au punda: "Hao farasi mnawapa nini?"

Jibu la haraka ni mbegu za kitani, na jibu hilo limewagharimu wengi fedha zao bure.

Kitani ni mmea ule ule utoao nyuzi za kufumia nguo. Mbegu zake ni ndogo, bapa, za rangi ya kahawia, nazo huteleza mkononi kama samaki. Si kitu kigeni katika Kenya: baada ya vita vya 1914 hadi 1918 walowezi wengi walilima kitani wakitumaini utajiri, na bei ilipoanguka mnamo 1920 na 1921 wengi wao wakafilisika. Siku hizi mbegu nyingi ziuzwazo duniani hutoka Urusi, Kazakhstan na Canada, na ziuzwazo madukani katika pakiti za rangi ya kupendeza hulipiwa pakiti pamoja na mbegu.

Sifa za mbegu hizo ni za kweli. Katika kila gramu 100, kama 40 ni mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni ya aina ya omega-3, ambayo farasi huipata katika majani mabichi lakini huikosa alishwapo majani makavu na nafaka. Mafuta hutia nguvu mara mbili na zaidi kuliko nafaka ya uzito ule ule, wala hayamtii farasi wazimu kama shayiri nyingi. Mpishi aliyezoea kuchemsha mlenda hatashangaa aonapo ute wa kitani sufuriani.

Saisi mmoja wa Kibera, mtu mzima aliyekwisha kuwatumikia farasi miaka mingi, ana shemeji yake Kawangware, ng'ambo ya barabara ya Ngong. Shemeji huyo ana punda wawili na mkokoteni. Huchukua maji, mchanga na taka, na kutoka katika mkokoteni huo hutoka kodi ya nyumba na karo ya watoto watatu. Mmoja wa punda hao alianza kukonda. Mbavu zikahesabika, manyoya yakafifia, na mchana alikuwa akisimama katikati ya njia akikataa kwenda. Si hasara ndogo. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya 2019 ilionyesha kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, wizi ukazidi, na bei ya mnyama ikapanda. Mtu akipoteza punda leo hanunui mwingine kwa urahisi.

"Shemeji," akamwambia saisi, "nitafutie hicho kitani chenu. Nitakopa kama itanilazimu."

Saisi hakumjibu siku ile. Alipiga hesabu kwanza. Farasi mkubwa wa kilo 500 hupewa gramu 100 au 200 za kitani kwa siku. Kwa kipimo cha 200, kilo moja huisha katika siku tano, na mwezi huhitaji kilo sita. Punda wa kilo 150 angehitaji chini ya theluthi, yaani hata kilo mbili kwa mwezi hazifiki. Gharama hiyo haimshindi mtu. Lakini hesabu ya bei kwa kilo ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni kujua mnyama amepungukiwa na nini. Farasi wa mashindano amekwisha kula majani makavu kilo nane hadi kumi kabla hajaonjeshwa kitani. Kwake kitani ni kama kitoweo juu ya ugali. Kwa mnyama asiyepata ugali, kitoweo kitafanya nini?

Jumapili alivuka kwenda Kawangware kumtazama mnyama mwenyewe. Huko akakuta jambo la kutisha kuliko kukonda. Jirani mfuga kuku alikuwa amemwuzia shemeji, kwa bei ya chini kabisa, nusu gunia la chakula cha kuku wa nyama kilichobaki. Shemeji alikuwa amekiweka tayari kumchanganyia punda jioni.

"Hapana, shemeji! Mwaga, au mrudishie mwenyewe!"

Vyakula vingine vya kuku hutiwa dawa iitwayo monensini, ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Kuku huivumilia. Farasi na punda huharibika misuli ya moyo, na kiasi kidogo tu huweza kuwaua. Hata baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwa na dawa hiyo. Gunia lisilo na karatasi ya maelezo halina mtu wa kulidhamini, na mwenye punda asinunue kitu hicho hata akipewa kwa nusu ya nusu ya bei. Jambo hili lingestahili kubandikwa katika kila duka la dawa za mifugo, kwa maana wauzaji wenyewe si wote walijuao.

Ndipo saisi akaangalia chini, pale punda alipofungwa. Aliona matonge madogo ya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Akauliza kama mnyama hudondosha chakula alapo. Akajibiwa ndiyo, tangu miezi kadhaa. Taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego husagana upande mmoja na kuacha kingo kali kama wembe, nazo hukata mashavu na ulimi. Mnyama wa namna hiyo anakonda mbele ya chakula kilichojaa.

Fedha iliyotaka kwenda katika kitani ikalipiwa daktari wa mifugo, aliyekuja na tupa akasawazisha magego, akampa na dawa ya minyoo. Baada ya hapo yalinunuliwa marobota ya majani makavu, ukawekwa ukuta wa kuyakinga mvua, na ndoo ya maji ikasimama wazi mbele ya mnyama ambaye kazi yake ni kuchukua maji ya wengine.

Kitani hakikuachwa kabisa. Manyoya yalipoanza kurudi, saisi alimletea shemeji kilo moja, akamfundisha kukipika, kwa kuwa mpishi mbaya hugeuza chakula kuwa sumu. Mbegu hizi zina kitu kile kile kilichomo katika mhogo mchungu. Zikisagwa na kulowekwa katika maji ya uvuguvugu, zikaachwa, sumu hiyo hujitengeneza. Kwa hiyo maji huchemka kwanza, ndipo mbegu humwagwa humo na kuachwa zitokote mpaka zipasuke. Zikitupwa nzima bila kupikwa wala kusagwa, nyingi hutoka kama zilivyoingia. Ziliz­osagwa nazo huvunda upesi, basi heri kusaga za siku ile ile, kumpa kidogo zikiwa kavu, na kuzihifadhi nyingine nzima katika debe lenye kifuniko.

Aonaye kitani ni ghali anaweza kutumia mafuta ya alizeti kwa nguvu na mng'ao, ingawa omega-3 haimo. Kwa farasi huanzwa kwa vijiko vichache na kuongezwa polepole kwa muda wa wiki mbili, maana tumbo lake halipendi kushtushwa na farasi hawezi kutapika. Punda apewe machache zaidi, au asipewe kabisa akiwa mnene, kwani shibe nyingi humharibu kwato. Na wale wanaochanganya kitani na pumba za ngano wakumbuke kwamba pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba. Zikilishwa kila siku mifupa hudhoofika na uso wa mnyama huvimba. Saisi huyo hulisha pumba mara moja kwa juma, na hutia kijiko cha chokaa ya mifugo.