Baa Ilipofungwa Nilifurahi



Usistaajabu kukuta katika kurasa hizi makala juu ya baa. Anayekuandikia hajapata kuonja kileo, na Mola amjaalie afe hivyo hivyo. Lakini kwa muda wa miaka minne nilimsukuma mzee mmoja wa Kiairishi katika kiti cha magurudumu, kutoka nyumbani kwake hadi mlango wa baa, mjini Dublin, na baada ya saa mbili nikarudi kumchukua. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake. Mzee huyu alikuwa amefiwa na mkewe, kifua chake kibovu, miguu imekwisha nguvu, na katika siku nzima hapakuwa na jambo alilolingojea ila hilo la jioni.

Wajua, bila shaka, kuwa katika jambo la ulevi wamelaaniwa watu kumi, wala si mnywaji peke yake. Yumo anayeubeba, na yumo anayebebewa. Je, mimi niliyekuwa nikimbeba mnywaji mwenyewe? Nilimpigia simu mwalimu wangu wa chuoni, Unguja, nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, tafuta kazi nyingine." Nikamwambia, "Naam, Maalim." Sikutafuta. Nakueleza haya mapema usije ukadhani nakuhutubia nikiwa juu ya mimbari.

Baa yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu katika kichochoro, si mbali na barabara ya South Circular, ulipo Msikiti wa Dublin. Msikiti huo zamani ulikuwa kanisa la Wapresbiteri; Waislamu walilinunua mwaka 1983, baada ya kusali miaka kadhaa katika nyumba ya mtaa wa Harrington. Mwenye baa alijua kuwa mimi siingii. Alikuwa akitoka mwenyewe hadi kizingitini, akashika kiti na kuniambia, "Niachie mimi, wewe nenda kasali." Wakati wa baridi Magharibi huingia huko yapata saa kumi za alasiri, na wakati wa kiangazi hukaribia saa nne za usiku, kwa hiyo mara nyingi nilikwenda kusali Alasiri au kukaa tu msikitini kupata joto, lakini yeye kila siku alisema maneno yale yale.

Juu ya mlango palikuwa na jina la babu yake. Hiyo ni desturi ya Waairishi tangu zamani, na yafaa uielewe, maana ndipo lilipo shina la maneno yangu. Huko Uingereza baa nyingi zilikuwa mali ya viwanda vya bia, na aliyesimama nyuma ya meza alikuwa mpangaji tu. Mwaka 1989 serikali ya Uingereza ikavilazimisha viwanda vikubwa kupunguza baa walizozishika, na matokeo yake ni kuwa zikazuka kampuni ambazo hazipiki bia bali humiliki baa kwa mamia na maelfu. Ireland haikupitia njia hiyo. Huko baa ilikuwa ya ukoo, na katika miji midogo mwenye baa aliweza kuwa ndiye huyo huyo muuza sukari, na huyo huyo mwenye kuzika wafu.

Sitaki kukupambia picha. Mzee wangu alinihadithia kuwa alipokuwa mtoto mama yake alimtuma kila Ijumaa asimame mlangoni mwa baa, amngojee baba yake atoke kabla mshahara haujakwisha. Mara nyingi ulikuwa umekwisha. Mama yake huyo alivaa kifuani beji ndogo ya chama cha wasiokunywa kabisa, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padri Mkatoliki, James Cullen. Kabla yake palikuwa na padri mwingine katika mji wa Cork, Theobald Mathew, aliyeanza mwaka 1838 kuwaapisha watu kuacha ulevi, wakamfuata kwa malaki. Sanamu yake imesimama mjini humo hata leo. Waairishi hawakungoja Muislamu aje kuwaambia kuwa pombe huvunja nyumba. Wanajua, na wamezika.

Sasa kampuni. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja aitwaye Tim Martin alifungua baa katika kitongoji cha Muswell Hill, London, baadaye akaiita Wetherspoon. Baa moja ikazaa mamia. Siri yake si kubwa: nunua kwa wingi, uza kwa bei ya chini, chukua majengo makubwa yaliyoachwa, yawe benki, sinema au posta, yapambe kwa picha na historia ya mtaa, wala usipige muziki. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikavuka bahari ikafungua nyumba yake ya kwanza katika Jamhuri ya Ireland, huko Blackrock, pembezoni mwa Dublin. Siku ya kufungua, hapakuwa na Guinness! Walikuwa wamevutana juu ya bei na wenye kuiuza. Watu walicheka, wengine wakaghadhibika, kana kwamba mgeni amekuja kuwanyima kitu cha kwao. Nami nikawa nacheka peke yangu, kwa kuwa kampuni yenye Guinness, iitwayo Diageo, makao yake makuu yako London. Mwingereza alikuwa akigombana na Mwingereza mwenziwe, na Mwairishi amesimama katikati ameshika gilasi tupu.

Nyumba nyingine zikafuata, Dún Laoghaire, Cork, Carlow na kwingineko. Iliyo kubwa ilifunguliwa mwezi Agosti 2021 katika mtaa wa Camden, hatua chache kutoka ule mtaa wa Harrington walikosali Waislamu wa mwanzo: baa pamoja na hoteli ya vyumba 89, iliyogharimu Yuro milioni 33. Jina lake, Keavan's Port, ni jina la kale la mtaa wenyewe. Ndani ya majengo hayo mlikuwa na kanisa dogo la watawa. Nilikuwa nikipita hapo kwenda kazini na kuwaza kuwa katika mwendo wa dakika ishirini kuna kanisa lililokuwa msikiti, na jingine lililokuwa baa. Sikujua nifurahi au nihuzunike.

Jambo moja la sheria halina budi kuelezwa, maana bila yake mtu hawezi kufahamu kwa nini dogo hufa kubwa likazaliwa. Katika Ireland huwezi kufungua baa mpya kwa kutaka tu. Lazima kwanza leseni moja iliyopo ifutwe, na tangu sheria ya mwaka 2000 leseni hiyo yaweza kutoka pembe yoyote ya nchi. Basi baa ya kijijini ikishindwa, karatasi yake hununuliwa, na kwa karatasi hiyo hufunguliwa jumba la mamia ya viti mjini, au duka la kuuza chupa za kwenda kunywea nyumbani. Kwa hesabu ya leseni, moja imetoka na moja imeingia. Mwaka 2005 Ireland ilikuwa na baa 8,617. Mwaka 2021 zilikuwa 6,788. Siyo kampuni za Kiingereza zilizoziua zote hizo, wala hata sehemu kubwa yake, kwani nyumba zao huko ni za kuhesabika. Zimeuawa na vijana kuhama, na sheria za barabarani, na bia ya dukani. Hao wageni wameonyesha tu, waziwazi kuliko wengine, biashara hii huwa na sura gani ikishavuliwa jina la babu.

Mimi nilikuwa nikizisoma hesabu hizo kwa furaha. Baa karibu 2,000 zimefungwa! Ningemwambia nani kuwa hilo si kheri?

Tarehe 15 Machi 2020 baa zote zikafungwa kwa sababu ya korona. Zile za Dublin zisizopika chakula zilikaa bila kuingiza mtu ndani hadi tarehe 26 Julai 2021, na baa ya kichochoro chetu haikufunguka tena. Mwenyewe alikuwa na miaka sabini na kitu, hana mtoto wa kumrithi. Wallahi, nilipopata habari nilisema Alhamdulillahi. Nilihesabu kuwa miaka minne ya kusukuma kiti imekwisha, na dhamiri yangu imepumzika bila ya mimi kuacha kazi.

Mzee hakuacha kunywa. Alimwagiza jirani amletee makopo kutoka dukani, akawa anakunywa mbele ya televisheni tangu mchana. Pale baani alikuwa akipata gilasi mbili. Si kwamba fedha ilikuwa ikimwishia. Mwenye baa alijua dawa azitumiazo, na mzee alipotaka ya tatu aliambiwa, "Leo pipa limekwisha, bwana," na watu wote mle ndani, waliokuwa wakimiminiwa kutoka pipa hilo hilo, walitazama dari. Kopo halijui dawa. Serikali ya Ireland nayo iliona mambo yanakokwenda: tarehe 4 Januari 2022 ikaweka bei ya chini, senti 10 kwa kila gramu ya alkoholi, isiuzwe chini ya hapo. Kwa mzee wangu zilikuwa senti tu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 aliniomba nimpeleke katika moja ya majumba makubwa ya mjini. Sitalitaja, kwani hawakumfanyia ubaya wowote. Hapo ikanilazimu kuingia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ili nimweke mezani. Palikuwa na joto, pasafi, na bei nafuu kweli kweli. Kijana mmoja mwenye adabu akatufundisha kuagiza kwa simu: waandika namba ya meza, waletewa. Nikatoka upesi. Niliporudi baada ya saa mbili mzee alikuwa amekwisha kunywa gilasi nne, uso umemwiva, hawezi kusema. Kijana aliyemletea ya nne siye aliyemletea ya kwanza. Umlaumu nani? Njiani, pumzi iliporudi, aliniambia kuwa hakuna mtu aliyemwuliza hali ya kifua chake. Katika yote aliona hilo ndilo la kunieleza.

Ndugu yangu, nimeisoma Suratul Baqara tangu utotoni. Katika aya ya 219 Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa, na mna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mara zote nilikuwa nikilipita neno lile la katikati kama mtu anayeruka kidimbwi. Nilijua nakwenda wapi: kwenye dhambi. Sikupata kujiuliza manufaa hayo ni yapi. Wenye elimu wamesema ni faida ya biashara na mfano wa hayo, nami siwaongezei tafsiri. Lakini nilikumbuka siku za mwanzo wa Machi 2018, theluji ilipoanguka Dublin hata mabasi yakasimama, nami sikuweza kufika kwa mzee siku mbili. Nilimpigia simu nikiwa na hofu. Akanijibu akitafuna. Mwenye baa alikuwa amekwenda kwake kwa miguu, amemchukulia supu na mkate na kumwashia moto, kwa kuwa kiti chake jana yake kilikuwa kitupu.

Kampuni ilipoichukua biashara hii haikuiondoa dhambi hata chembe, iliipunguzia bei. Kilichoachwa nje, kwa kuwa hakina bei, ni yule mtu wa kuona kiti kitupu. Nami niliyekuwa nikisema Alhamdulillahi, nilikuwa nikishukuru kwa kuondoka kwa kitu gani hasa?

Jioni moja ya mwezi wa Shaaban, mwaka 1443, nilikuwa nikimvisha mzee soksi za kulalia. Aliniuliza juu ya msikiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya sana. Alitaka kujua tunakaa vipi, na iwapo kila mtu ana mahali pake. Nikamwambia hapana mwenye mahali pake, ila wazee huzoea viti vya nyuma. Akauliza, "Na mmoja wao asipotokea siku mbili, nani huenda kumtazama?"

Nilifungua kinywa nimjibu upesi, kwa kuwa jibu nalijua: haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, na kumzuru mgonjwa ni mojawapo. Nikamkumbuka mzee wa Kisomali mwenye kofia ya kijivu, aliyekuwa akikaa kiti cha mwisho karibu na ukuta, na kunipa mkono kila baada ya sala. Sikumbuki kumwona tangu Rajabu iingie. Jina lake sikuwa nikilijua.

Nilimaliza soksi, nikamfunika, nikazima taa. Baada ya Isha nikamngojea Imamu mlangoni, nikamwuliza mzee yule anakaa wapi.