Basi Lisilo na Magurudumu: Safari ya Miguu Kutoka Durban Hadi Pietermaritzburg

Katika jimbo la KwaZulu-Natal, nchini Afrika ya Kusini, iko barabara ya kale iunganishayo bandari ya Durban na mji wa Pietermaritzburg ulioko bara, juu ya vilima. Mwenye motokaa huimaliza barabara hiyo kabla chai ya asubuhi haijamtoka tumboni. Lakini siku moja katika mwaka magari huzuiwa, na barabara hukabidhiwa maelfu ya watu waendao kwa miguu yao wenyewe. Safari yao ni ya kilomita 88 hivi, na saa walizopewa ni 12 tu. Mwaka mmoja hupanda kutoka pwani, mwaka mwingine huteremka kuelekea baharini. Mbio hizo huitwa Comrades, neno ambalo kwa Kiswahili ni wenzi, hasa wale walioshiriki taabu moja.

Jina hilo halikuokotwa njiani. Lilitoka vitani, na vita vyenyewe vilipiganwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Askari mmoja wa miguu, Vic Clapham, dereva wa garimoshi kwa kazi yake ya kiraia, alitumwa pamoja na wenzake kulifuatia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na von Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Inasimuliwa kwamba alitembea yapata kilomita 2,700 katika jua, matope na homa. Wengi wa wenzake hawakurudi. Nao wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi hayo, ambao kikosi chao kimeacha jina katika mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Vita vilipokwisha, Clapham hakutaka wenzake wakumbukwe kwa sanamu ya mawe. Alitaka wakumbukwe kwa jasho. Aliomba ruhusa ya kuandaa mbio ndefu baina ya miji hiyo miwili, akakataliwa, akaomba tena. Hatimaye, tarehe 24 Mei 1921, wanaume 34 waliondoka Pietermaritzburg kuelekea Durban. Waliofika walikuwa 16. Wa kwanza, Bill Rowan, alitumia muda wa saa 8 na dakika 59.

Hata hivyo, uwenzi huo ulikuwa na ukuta. Kwa miaka mingi wanawake na Waafrika hawakuandikishwa katika mbio hizo. Mwaka 1923 Frances Hayward alikimbia bila kuandikishwa, akafika. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika, akafanya vivyo hivyo. Wote wawili walimaliza safari ile ile, juu ya vilima vile vile, lakini hawakuhesabiwa miongoni mwa waliofika. Mlango haukufunguliwa rasmi kwa wote hadi mwaka 1975. Mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa Mwafrika wa kwanza kushinda, na mwaka 2019 ikaanzishwa medali yenye jina la Mtshali. Barabara ilichukua miaka mingi kujifunza maana ya jina lake yenyewe.

Washindi wa mbio hizi hupata fedha na sifa. Lakini umati ufuatao nyuma ni watu wa ridhaa: waalimu, wauguzi, makarani, madereva, askari polisi na wanajeshi. Hao hawakimbii kwa ajili ya mshahara. Wanatafuta medali ndogo, isiyozidi sarafu kwa upana, na ushahidi wa nafsi zao kwamba waliweza.

Mazoezi yao huanza mapema katika mwaka. Kabla hakujapambazuka, vikundi vidogo huonekana kando ya barabara, watu wakikimbia huku wakizungumza. Mazungumzo hayo si upuuzi. Katika mazoezi ya mbio ndefu, asiyeweza kusema sentensi nzima bila kuhema anakimbia kasi mno, naye atachoka kabla ya wakati. Kwa hiyo mkongwe humuuliza mgeni habari za watoto wake na kazi yake, si kwa adabu peke yake, bali kwa kumpima pumzi. Jawabu likikatika, mkongwe hupunguza mwendo bila kumwaibisha mwenzake.

Mgeni hujifunza mambo mengine pia. Hufundishwa kutembea mahali penye mlima angali na nguvu, asingoje kutembezwa na uchovu. Hufundishwa kula na kunywa angali njiani, kidogo kidogo, na kutovaa viatu vipya siku ya mbio. Tena sharti kwanza amalize mbio za kilomita 42 kwa muda uliowekwa, maana asiyepita mtihani huo hapokewi. Wengi hushindwa mara ya kwanza, na hapo ndipo wenzake huhitajika zaidi kuliko siku ya shangwe. Jumatatu baada ya kushindwa, yuko mtu atakayembishia mlango alfajiri na kumwambia kwamba viatu haviendi vyenyewe.

Siku yenyewe ikifika, watu husongamana gizani na kuimba Shosholoza, wimbo wa wafanyakazi waliosafiri kwa garimoshi kwenda migodini. Kisha husikika sauti ya jogoo. Huyo si jogoo wa kweli. Mwaka 1948 mkimbiaji mmoja, Max Trimborn, aliwika kwa kinywa chake mahali pa kuanzia, na tangu hapo kuwika kwake kumekuwa desturi. Bunduki hulia, na safari huanza.

Katika mwaka wa kupanda, vilima vikubwa vitano humngoja msafiri. Cowies Hill humwamsha. Fields Hill humwonya. Botha's Hill humpeleka juu ya Bonde la Vilima Elfu, ambako migongo ya vilima huonekana ikifuatana hadi macho yachoke. Karibu na nusu ya safari, ubavuni mwa barabara, pana shimo dogo mfano wa kiti. Hicho ni kiti cha Arthur Newton, aliyeshinda mbio hizi mara tano kati ya mwaka 1922 na 1927. Desturi ni kumwamkia na kumwachia ua, ili nusu ya pili iwe ya heri. Hapo jirani uko ukuta uliojengwa kwa matofali yenye majina ya waliowahi kufika.

Baada ya Drummond mlima Inchanga husimama mbele ya miguu ambayo tayari inalalamika. Ukishaupita, unafika kwenye shule ya Ethembeni, ya watoto wenye ulemavu wa viungo na wa macho. Watoto hutoka na kujipanga barabarani, wakinyosha mikono ili kila mpitaji aiguse. Wakimbiaji wengi walioikusudia nafasi ya kuacha hapo hawaachi tena. Mbele, wenyeji hugawa maji, machungwa na viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi.

Ni katika sehemu hii ya barabara ndipo thamani ya basi huonekana. Basi hilo halina injini wala magurudumu. Ni kundi la wakimbiaji waliojikusanya nyuma ya mkongwe mmoja aitwaye dereva, ambaye hubeba kibendera kilichoandikwa saa anayokusudia kufika. Dereva wa basi la saa 12 mara nyingi ni mtu awezaye kufika mapema zaidi, akaoga na kula. Naye huacha nafasi hiyo na kuchagua kwenda kwa mwendo wa wanyonge.

Kazi yake ni hesabu. Saa 12 kwa kilomita 88 ni kama dakika 8 kwa kila kilomita, na hapo ndani muna vilima, kunywa maji na kujisaidia. Basi huamriwa kutembea hatua kadhaa, kisha kukimbia hadi mti fulani, kisha kutembea tena. Nyimbo huimbwa, miguu hufuata wimbo. Mtu mmoja peke yake angesimama, lakini katika kundi huona aibu kuukata wimbo.

Hapa ndipo mtu hupambanua kutia moyo na kudanganya. Watazamaji wengi, kwa wema wao, huwaambia wakimbiaji, "Mmekaribia!" wakati zimebaki kilomita 30. Maneno hayo huumiza kuliko mlima, kwa sababu moyo huamini, kisha huvunjika. Dereva mwema hasemi hivyo. Husema kweli: mlima huu una urefu kadha, tutaupanda kwa kutembea, tutapoteza dakika mbili, nazo tunazo. Tena basi halimngoji asimamaye. Akimngoja mmoja, atawaangamiza mia. Jambo hilo ni chungu, na madereva hulijua, ndiyo maana huhimiza mapema, kabla mtu hajabaki nyuma.

Kilima cha mwisho ni Polly Shortts, na mji umekwisha kuwa karibu kweli. Huko uwanjani, zikiwa zimesalia sekunde chache kabla ya saa ya 12, mzee mmoja hushika bunduki na kuwapa mgongo wakimbiaji. Hageuki, asije akamwona mtu akitambaa na kumhurumia. Mlio ukisikika, mstari hufungwa. Aliyevuka sekunde moja kabla amefika. Aliye hatua moja nyuma hana medali, wala hahesabiwi. Mwaka 1989 Wally Hayward, mshindi wa zamani aliyekuwa na umri wa miaka 80, alivuka zikiwa zimebaki dakika zisizofika mbili, wakati huo kikomo kikiwa saa 11. Uwanja mzima ulisimama kwa ajili yake.

Hapo mstarini basi la mwisho huvunjika. Watu ambao hawakujuana alfajiri hukumbatiana na kulia, kisha kila mmoja hutafuta familia yake gizani. Dereva hupewa medali ndogo ile ile ya wa mwisho. Wapitao hawawezi kujua kwamba angeweza kupata ya daraja la juu zaidi.

Kila kambi na kila nyumba ina watu wake wa nyuma: kuruta asiyemaliza matembezi ya mizigo, mtoto aliyeanguka mtihani, mke au mume anayeuguza kwa miezi. Hao hawahitaji kuambiwa kwamba wamekaribia kama hawajakaribia. Wanahitaji mtu ajuaye urefu wa kilima, aseme kweli, kisha apunguze mwendo wake na kupanda pamoja nao.